Nani Anakusikia Ukilala

Kuna magonjwa unayoyahisi mwenyewe na kuna magonjwa unayoambiwa. Jino likiuma hungoji mtu akujulishe. Malaria ikikushika unajua kabla ya daktari. Lakini apnia ya usingizi huja wakati wewe haupo. Umelala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, na kwa sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi, hupumui. Ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo tu, unavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini, halafu unazama tena. Asubuhi hukumbuki chochote. Unachojua ni kwamba umelala masaa manane na bado umechoka kama mtu aliyeshinda usiku akipakua mchanga kwenye lori.

Ndiyo maana mgonjwa wa apnia, kabla ya daktari, anahitaji shahidi. Wangu alikuwa rumeti wangu wa hosteli. Asubuhi moja, akikoroga chai, aliniambia, "Wewe shida yako si kukoroma. Kukoroma nimezoea. Shida ni vile unakoroma halafu unanyamaza. Ukinyamaza ndio mimi nashindwa kulala." Alikuwa na mbinu yake. Kimya kikizidi, ananyoosha mkono na kunigusa mguu. Nageuka, napumua, analala. Mwaka mzima alifanya hivyo na mimi sikuwa na habari.

Nilikuwa na miaka 20, msichana, mwembamba. Ukisema apnia watu wanamwona mzee mwenye kitambi na shingo nene. Ni kweli unene unachangia sana, lakini hata umbo la taya, tonsili kubwa na ukoo huchangia. Mimi taya la chini limerudi nyuma kidogo, nimelitoa kwa baba. Daktari wa kwanza aliniambia nipunguze simu usiku. Wa pili akanipa vidonge vya kuongeza damu. Wakati huo wote nilikuwa nalala darasani, si kusinzia, kulala kabisa, kichwa juu ya meza. Mhadhiri mmoja alisimamisha somo akasema mbele ya ukumbi mzima kwamba wazazi wangu wanalipa karo ili nije kulazwa. Watu wakacheka. Mwaka wa tatu nikaacha chuo. Hakuna aliyenifukuza. Nilichoka tu kuwa yule msichana wa kulala.

Kipimo cha usingizi nilifanya miaka miwili baadaye, kwa pesa za makala nilizokuwa nimeandika. Mkanda kifuani, klipu kidoleni, kijibomba puani, usiku mmoja. Matokeo: nilikuwa naacha kupumua au kupungukiwa na pumzi mara 34 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, na 30 kwenda juu wanaita kali. Nilikaa kwenye ngazi za ile kliniki nikilia, si kwa hofu. Ni ile kuwa na karatasi inayosema hukuwa mvivu.

Tiba yenyewe ni upepo. Mwaka 1981 daktari wa Australia, Colin Sullivan, na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba ukimvalisha mgonjwa barakoa puani na kusukuma hewa kwa shinikizo dogo mfululizo, koo halijifungi. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa koo. Mashine hizo ndizo zinaitwa CPAP. Yangu ni ya msafiri, ina gramu 300, inaingia kwenye kiganja. Shangazi yangu wa Minnesota aliituma na mtu aliyekuwa anakuja likizo. Usiku wa kwanza nilipoamka nilidhani kuna mtu ameosha madirisha. Vitu vilikuwa na kingo.

Shida moja: upepo unataka stima.

Kutembea nilikuwa nimeanza kabla ya mashine. Ilikuwa ndiyo kazi pekee ambayo haikuweza kunilaza. Nilianza na Karura, nikaenda Ngong, Longonot, halafu Elephant Hill kule Aberdare, ambako matope hukuvua kiatu na mvua haikuulizi ratiba. Zote safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni. Marafiki walikuwa wanaenda kulala mlimani, mimi nawaaga na kurudi kwenye ploti yangu. Dunia yangu ilikuwa inaishia pale soketi ya mwisho inapoishia.

Wapenzi wa mkoba mwepesi wana dini yao. Wanakata mpini wa mswaki. Wanang'oa lebo za nguo. Wanapima kila kitu kwenye mizani ya jikoni, na ukitoa chakula, maji na gesi, mkoba wao wanataka usizidi kilo 4.5. Mtakatifu wao, kwa maoni yangu, ni Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani aliyetembea njia yote ya Appalachian mwaka 1955 akiwa na miaka 67, zaidi ya kilomita 3,000, na mfuko wa kitambaa aliojishonea mwenyewe. Alibeba blanketi, koti la mvua na pazia la plastiki la bafuni. Hakuwa na hema. Nampenda yule bibi. Lakini nikisoma habari zake najiuliza swali moja tu: alilala vipi? Alijilaza popote, akafumba macho, mwili ukafanya kazi yake yenyewe. Huo ndio wepesi ambao mimi sina, na hauuzwi dukani.

Nilipoamua kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, siku tatu na usiku mbili, ushauri niliopata kutoka kwa watu wenye mikoba myepesi ulikuwa mmoja: iache mashine. Ni siku mbili tu, bana. Lala ubavu. Usinywe pombe. Utapona.

Kulala ubavu kunasaidia, sitakataa. Ukilala chali, ulimi na koo vinaanguka nyuma. Pombe na dawa za usingizi zinalegeza koo zaidi. Kuna pia kifaa cha kuvaa mdomoni kinachovuta taya mbele. Kwa mtu mwenye apnia ndogo, vitu hivi vinaweza kumtosha usiku kadhaa porini. Lakini mlima mrefu una ujanja wake. Huko juu hewa ina oksijeni kidogo, kwa hivyo unapumua haraka. Ukipumua haraka unatoa kaboni dioksidi nyingi, na kaboni dioksidi ndiyo inayoukumbusha ubongo kupumua. Usingizini, ikishuka mno, ubongo unasahau. Kimya. Oksijeni inaanguka, ubongo unashtuka, unapumua haraka tena, na mzunguko unaendelea. Hii humpata hata mtu mzima kabisa. Mwenye apnia ya koo sasa ana mbili: mlango unaojifunga, na bawabu anayelala.

Nilirudi kwa daktari wangu. Alinieleza habari za madaktari wa Zurich ambao mwaka 2012 walichapisha katika jarida la JAMA utafiti juu ya wagonjwa wa apnia waliopelekwa milimani Uswisi, kati ya mita 1,630 na 2,590. Waliotumia mashine pamoja na dawa ya asetazolamidi walilala wakiwa na oksijeni nzuri zaidi kuliko waliotumia mashine peke yake. Akaniandikia dawa hiyo, akanipima presha, akanionya: "Kijitabu cha mashine yako kinakuhakikishia hadi mita 2,500. Kambi yako ya kwanza iko 3,300. Itafanya kazi, lakini usitegemee ifanye kama nyumbani. Na usilale peke yako."

Usilale peke yako. Hata getini mlima ule hawapendi mtu aingie pekee. Nikampigia rumeti wangu wa zamani. Sasa ana duka la M-Pesa Ruiru na magoti mazuri. Nilipomweleza alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo nirudi kazi yangu ya kuguzaguza mguu?"

Hesabu ya stima nilikuwa naijua, kwa sababu aliyenifundisha kulala bila soketi si mlima, ni Nairobi. Stima ikipotea saa saba usiku, mashine inazima, barakoa inakuwa mkono wa mtu usoni. Ukipitia hayo mara tatu unajifunza kuhesabu wati. Kitu cha kwanza ni kuzima kifaa cha kupasha na kulainisha hewa, maana chenyewe hula stima kuliko mota. Mashine yangu haina hicho kifaa. Ina kichujio kidogo kinachoshika unyevu wa pumzi yako na kukurudishia. Kwa shinikizo langu inakula karibu wati 6 na nusu. Masaa saba ni wati-saa 45 hivi. Kambi ya pili tungelala masaa matano tu, kwa sababu ya kuamka saa nane usiku kwenda kileleni: 33. Jumla 78.

Pawabenki ya miliampia 27,000 ina wati-saa 100, lakini kuinua volti kunapoteza, unabaki na kama 80. Kwa karatasi, inatosha. Baridi haisomi karatasi. Betri za lithiamu zikipoa hujifanya zimeisha. Nikaongeza ndogo ya miliampia 10,000 kama bima.

Kebo ilikuwa ndiyo kazi. Mashine inataka volti 24, pawabenki haitoi hiyo. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue aliigeuza ile mashine mara mbili tatu.

"Hii ni ya nini, siste?"

"Ya kupumua nikilala."

Hakucheka. Alinitengenezea kebo na kibadilisha volti kidogo, akaifunga kwa gundi ya moto, halafu akaniambia niketi. Aliiacha ikizunguka dakika 40, akiigusa kila mara kuona kama inapata moto, huku wateja wengine wakipiga foleni na kulalamika. "Redio ikikufia mlimani, unaimba mwenyewe," akasema. "Hii siwezi kukupea hivi hivi." Nililala nayo nyumbani usiku tatu, soketi ikiwa imezimwa, ndipo nikaiamini.

Kisha mizani. Mashine gramu 300, barakoa na bomba 200, pawabenki kubwa 600, ndogo 200, kebo na kibadilisha volti 150. Pumzi yangu ya usiku mbili ilikuwa na gramu 1,450. Nikatoa suruali ya pili, sufuria ya pili, kitabu, kiti cha kukunja ambacho nilikuwa nakipenda sana. Rumeti akachukua jiko na gesi bila kuulizwa. Hema lilikuwa la kusimamishwa na fimbo za kutembelea, ili tusibebe nguzo. Mkoba wangu ukaingia kilo 5.8. Dini ya mkoba mwepesi ingenitenga kanisani, lakini kila gramu ilikuwa na jina.

Sirimon ni njia ya upole. Unatoka getini kwenye mita 2,650 hivi, unatembea barabarani katikati ya msitu, halafu miti inaisha, upepo unaanza, na Old Moses iko pale juu ya kilima, ikitazama upande wa Timau na mashamba yake. Kiongozi wetu, mzee wa Nanyuki aliyepanda mlima ule mara ambazo aliacha kuhesabu, alitazama nikipanga vitu vyangu hemani kama anayetazama mtu akitandika kitanda cha mtoto mchanga.

Mpangilio ni huu, kwa yeyote mwenye kuuhitaji. Betri inaingia kwenye mfuko wa kulalia pamoja na wewe, tumboni, imefungwa kwa soksi ya sufu, lakini mashine yenyewe inabaki nje, ipate hewa. Bomba linapita ndani ya koti, vinginevyo pumzi inageuka maji na maji yanarudi puani. Chupa ya maji karibu, maana hewa ya huko ni kavu, koo linakwaruza. Na mkoba, ukishatolewa vitu, usiuweke chini ya miguu kama wafanyavyo wengine. Uvae mgongoni, ukiwa na nguo kidogo ndani, ndipo uingie kulala. Hutaweza kulala chali hata ukitaka. Mchana unaubeba, usiku unakushikilia ubavuni.

Usiku ule nililala vizuri. Mota ililia kwa sauti nyembamba kuliko ya nyumbani, kama mbu mwenye haraka, lakini ilisukuma. Asubuhi rumeti alisema hakusikia kimya hata kimoja. Aliliambia jua, si mimi, na sauti yake ikakwama kidogo.

Siku ya pili ni ndefu. Unapanda, unashuka bonde la Liki, unapanda tena, kisha unaingia bonde la Mackinder ambalo linaonekana fupi na si fupi. Mimea mikubwa yenye vichwa kama kabeji imesimama kwenye ukungu kama watu wanaongoja matatu. Mzee alikuwa anatembea polepole hadi nikaona aibu kwa niaba yake, mpaka nilipoelewa kwamba anatupunguzia kasi kwa makusudi. Shipton's iko kwenye mita 4,200, chini ya Batian kabisa. Pimbi wanakuja kuomba mkate. Tulikula wali na ndengu, tukaingia kulala saa mbili usiku.

Sijui niliamshwa na nini. Betri ilikuwa na joto tumboni, mashine inalia, pumzi yangu inaenda. Kisha nikasikia.

Rumeti wangu, ambaye hajawahi kukoroma maishani, alikuwa anapumua haraka, kwa kina, haraka zaidi, halafu kidogo, kidogo, halafu hakuna. Hema likanyamaza. Hata upepo nadhani ulinyamaza. Nilijua sababu. Nilikuwa nimeisoma, nimechorewa na daktari kwenye karatasi. Kaboni dioksidi imeshuka, bawabu amelala, ataamka. Nilijua kila kitu. Na bado nikaanza kuhesabu. Tano. Nane. Kumi. Kumi na moja. Mkono wangu ukatoka kwenye mfuko wa kulalia bila mimi kuuambia, kwenye ile baridi, ukatafuta mguu wake. Kumi na nne. Nikaugusa.

Akavuta hewa.

Nilimwasha taa usoni. Kichwa kinauma? Kidogo. Unakohoa? Hapana. Leo ni siku gani? "Ijumaa, na ukiniuliza swali lingine nakuchapa." Nikamwita mzee. Alimtazama macho, akamtembeza hatua chache nje kwa mstari ulionyooka, akasema yuko sawa, hapa kila mtu hulala hivi, ila akianza kuyumba au kukohoa tunashuka saa hiyo hiyo, hakuna kungoja kuche. Rumeti akarudi kulala. Mimi nilivua barakoa, nikazima mashine, nikakaa. Masaa mawili yaliyobaki nilimsikiliza. Kila kimya nilihesabu. Kimya cha mtu unayempenda hakizoeleki.

Na pale, mgongo wangu ukiwa kwenye mkoba, nilimfikiria mama.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori, Mombasa hadi Malaba. Nyumbani kukoroma kwake kulikuwa kichekesho. Tulikuwa tunasema trekta imewashwa. Mara mbili lori lilitoka barabarani alfajiri. Mara zote hakuumia mtu, na mara ya pili mwajiri akamfuta kazi kwa barua iliyosema amezoea kulala kazini. Ilikaa kwenye sanduku la vyeti, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Tangu hapo anafuga ng'ombe Nyahururu na hapendi mtu amguse hiyo habari. Nilipopata matokeo yangu nilimwambia apimwe. Alisema yeye ni mzee, si mgonjwa.

Tulifika Point Lenana, mita 4,985, jua likitoka nyuma ya mawingu upande wa Meru. Nina picha. Nimefurahi kwamba ninayo. Betri kubwa ilikuwa bado haijaisha, kwa sababu ya masaa niliyokaa macho. Jioni tulikuwa getini, magoti yakitetemeka, na kesho yake, badala ya kurudi Nairobi, nikapanda matatu ya kwenda nyumbani.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Sikumweleza mlima. Nilimuuliza, "Mama, Baba akilala, huwa ananyamaza?"

Hakuinua kichwa. "Hunyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea. Akilala chali ni mbaya. Nikifika ishirini namsukuma."

"Unahesabu?"

"Miaka thelathini," akasema, kama mtu anayetaja bei ya unga. "Wewe ulidhani mimi hulala saa ngapi?"

Miaka yote nimeandika na kusema kwamba apnia ilininyima usingizi, ilininyima shahada. Sijawahi kuandika kuhusu mtu wa upande wa pili wa kitanda, ambaye hana mkanda kifuani wala karatasi ya matokeo, na ambaye jina la uchovu wake halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Nilimwomba aandike usiku tatu. Alitoa daftari la maziwa na kuanza usiku huo huo, upande wa nyuma, safu ya saa na safu ya sekunde.

Baba alilisoma daftari siku ya nne, akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Alilisoma lote. Alimtazama mama muda mrefu. Kisha akaniomba ile mashine, akaipima kiganjani.

"Ni kilo ngapi hii?"

"Gramu mia tatu, Baba."

"Na ilifika mpaka kileleni?"

"Mpaka Shipton's. Kileleni tuliiacha hemani."

Akanirudishia. Akaenda kukamua. Jioni aliniuliza kama hiyo kliniki iko mbali na stendi, na kama mtu anaweza kwenda asubuhi akarudi jioni. Nikamwambia hapana, lazima ulale huko. Akatikisa kichwa. Kipimo chake ni mwezi ujao, tarehe 18. Mama amesema atamsindikiza hadi mlangoni, kisha atakuja kulala kwangu, kwenye ploti, na nisimwamshe.